Damu Ni Yetu, Maabara Iwe Yetu Pia



Leo tunaongea na wewe uliye na matokeo ya KCSE mkononi hujui uende wapi. Na wewe uliye mwaka wa pili au wa tatu chuoni, unasoma baiolojia, uuguzi, takwimu au mifugo. Na wewe uliyekaa nyumbani na diploma ya maabara ukingoja kaunti itangaze kazi. Mada ni utafiti wa kiafya. Tafadhali usipite tu. Hii si habari ya maprofesa peke yao.

Tuanze na ngamia, maana hapo kila mtu Isiolo ana la kusema. Mwaka 2013 watafiti walipima damu ya ngamia 335 kutoka makundi 9 katika kaunti ya Laikipia, hapo jirani tu. Karibu 47 katika kila 100 walikuwa na alama kwenye damu kwamba walishakutana na virusi vya MERS. Virusi hivyo vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 2012 kwa mgonjwa wa Jeddah, na Saudi Arabia vimeua mamia ya watu. Sasa fikiria. Huku kwetu watu wanakamua ngamia alfajiri na jioni, na akina mama wa ushirika wa Anolei wanapeleka maziwa hadi Eastleigh. Mbona ugonjwa mkali kama ule wa Saudi haujaonekana kwetu? Marsabit wamepatikana watu watatu wanaoshughulika na ngamia wakiwa na virusi, na hawakuwa wagonjwa. Kwa nini? Wataalamu bado wanalitafuta jibu. Wewe uliyelelewa kwenye boma la ngamia una mahali pa kuanzia ambapo mwanafunzi wa ng'ambo hana.

Tuje kwa binadamu. Nani hapa hajawahi kuambiwa ana brucella? Homa kidogo, viungo vinauma, unaenda kliniki, unatobolewa kidole, dakika chache unaambiwa "ni brucella". Unaanza dawa za wiki sita, pengine na sindano juu. Sasa sikia hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka hospitali za magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika sana nchini kilikuwa kinakosea vibaya. Wengi walioambiwa wana brucella hawakuwa nayo. Walimeza dawa za bure, na kilichokuwa kikiwaumiza hakikutafutwa.

Lakini usikimbilie kusema brucella ni uongo. Utafiti mwingine wa 2012 na 2013, uliofanywa Kiambu, Kajiado na Marsabit, ulipima watu na mifugo wa nyumba moja. Pale mnyama alipokuwa na maambukizi, uwezekano wa mtu wa nyumba hiyo kuwa nayo ulikuwa takribani mara 6. Kwa hivyo ugonjwa upo, na kwa wafugaji upo zaidi. Kinachotakiwa ni kipimo cha kuaminika, maziwa yaliyochemshwa, na mtu wa kukaa na mama akamweleza kwa Kiborana, Kisomali au Kiturkana bila kumdharau. Mtu huyo ni nani kama si wewe?

Mfano wa tatu ni kala-azar. Huletwa na wadudu wadogo kuliko mbu, wanajificha kwenye vichuguu na nyufa za ukuta, na ugonjwa wanaoleta usipotibiwa unaua karibu kila aliyeupata. Zamani tiba ilikuwa sindano kila siku kwa siku 30. Hebu piga hesabu ya mfugaji anayekaa hospitalini mwezi mzima, mifugo ameachia nani? KEMRI pamoja na Chuo Kikuu cha Khartoum, Addis Ababa na Makerere waliungana katika mtandao ulioanzishwa mwaka 2003, wakajaribu kuchanganya dawa mbili. Siku 30 zikashuka hadi 17, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tiba hiyo kwa Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti. Mtu alikaa akahesabu, akapima, akaandika, na siku 13 za maumivu zikaondoka kwa mgonjwa wa kaskazini.

Sasa swali letu. Damu ilitoka kwetu. Ngamia ni wetu. Wanaojibu maswali kwenye hojaji ni mama zetu na shangazi zetu. Ukifungua ripoti, majina ya vijana wa kaskazini ni mangapi? Hatusemi hayapo, yapo na tunajivunia. Ni machache mno. Na hatulaumu waliokuja kutafiti, maana wengine wamekaa huku miaka kuliko viongozi wetu. Tunasema hivi: mahali pa mtu wetu pasiishie kwenye kunyoosha mkono achomwe sindano.

Milango ipo. Tutaje michache.

KEMRI, Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, ipo tangu 1979 na makao yake makuu yako barabara ya Mbagathi, Nairobi. Inachukua wanafunzi wa vyuo kwa mafunzo ya kazini, ile tunaita atachimenti, na kwa kushirikiana na JKUAT inasomesha shahada ya uzamili na uzamivu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina KAVI, taasisi ya utafiti wa kitabibu iliyoanza na majaribio ya chanjo ya ukimwi, na pia taasisi ya magonjwa ya tropiki na ya kuambukiza. Eldoret kuna AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wenye mizizi tangu 1989. Aga Khan wanafanya utafiti Nairobi. Na hapo Laikipia, upande wa Nanyuki, kuna kituo cha Mpala kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Princeton, ambako magonjwa ya ngamia na wanyamapori yanachunguzwa. Wengi wetu tunapita Nanyuki tukienda Nairobi na hatujawahi kusikia jina hilo.

Na usidhani lazima uwe daktari. Mradi mmoja unahitaji mtaalamu wa maabara, muuguzi, daktari wa mifugo, mtu wa takwimu, mtu wa kompyuta, dereva anayejua njia za Merti na Garba Tulla, na mhoji anayejua lugha. Unahitaji pia msichana. Sikia dada: mama wa kwetu hataeleza habari za uzazi wake mbele ya kijana wa kiume asiyemjua, na akilazimishwa atajibu kwa adabu tu ili mgeni aondoke. Data ya namna hiyo haina faida. Ukikaa wewe na buibui yako, ukazungumza naye kwa lugha ya nyumbani, utaambiwa ukweli. Hilo ni jambo la kitaalamu, na una haki ya kuajiriwa na kulipwa kwa ajili yake.

Unaanzaje? Kwanza kitambulisho. Tunajua wengi mlicheleweshwa na msasa. Rais alitangaza Wajir mwezi wa Februari 2025 kwamba msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani umeondolewa, kwa hivyo kama bado unazungushwa, njoo ofisini kwetu tufuate pamoja. Pili, barua ya chuo chako, na mara nyingi bima ya ajali. Tatu, barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja tu. Usiandike "natafuta nafasi yoyote". Soma kazi moja ya taasisi hiyo, kisha useme ni swali gani lilikugusa na wewe unalijua kutoka wapi. Mtu aliyekulia Isiolo akiandika kuhusu brucella anasomwa. Nne, tuma mapema na tuma kwingi. Ukikataliwa mara tatu, tuma ya nne. Na tahadhari: ukiombwa utume M-Pesa ili "ushikiwe nafasi", huyo ni tapeli. Weka simu chini.

Lakini tusimwachie kijana mzigo wote. Kuna kitu Kilifi wamefanya ambacho tunataka tukione hapa.

Mwaka 1989 KEMRI, Chuo Kikuu cha Oxford na wakfu wa Wellcome wa Uingereza walianza kituo cha utafiti ndani ya hospitali ya Kilifi. Chanjo za malaria ambazo dunia ilizikubali mwaka 2021 na 2023 zilijaribiwa huko pia. Kilifi si mji mkubwa wala tajiri. Kituo hicho kina mpango wa kuwachukua waliomaliza kidato cha nne katika kaunti hiyo, wakakaa nao na kuiona sayansi kwa macho kabla ya chuo. Pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani wana diploma ya juu ya mbinu za utafiti wa afya kwa wenye shahada. Na vijiji vinachagua wawakilishi wao wa kuzungumza na watafiti. Pemba nako, Chake Chake, kuna maabara ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na kazi ya kichocho na minyoo inafanywa kisiwani penyewe. Kama Kilifi na Pemba wameweza, Isiolo ina nini?

Kwa hivyo madai yetu ni matatu, na tunayaandika hapa yasomwe.

Moja. Kila mradi unaokuja Isiolo kuchukua sampuli, za watu au za mifugo, uchukue angalau wanafunzi wawili wa hapa kwa muda wote wa kazi. Kaunti iweke sharti hilo pale inapotoa barua ya kumkaribisha mtafiti.

Mbili. Basari nyingi zinalipwa shuleni moja kwa moja, na karo ikilipwa watu wanadhani kazi imeisha. Nauli, kodi na chakula cha miezi mitatu Nairobi au Kilifi haviko kwenye basari. Mtoto wa tajiri anaweza kufanya atachimenti bila malipo, mtoto wa Kiwanjani hawezi. Wawakilishi wadi, wafanyabiashara na kamati za misikiti, tuanzishe mfuko mdogo wa hilo. Hata vijana watano kwa mwaka.

Tatu. Majibu yarudi. Mtafiti akimaliza, aje baraza aseme alichopata, kwa lugha tunayoielewa.

Na wewe msomaji, jua haki yako hata kama hutaki kazi hii. Mtafiti yeyote Kenya lazima awe na leseni ya NACOSTI na kibali cha kamati ya maadili. Muulize akuonyeshe. Kabla hujatoa damu lazima ueleweshwe na ukubali kwa hiari. Unaweza kukataa, unaweza kujitoa katikati, na hutanyimwa matibabu kwa hilo. Mfundishe na nyanya yako, maana yeye ndiye anayewekewa karatasi ya Kiingereza aweke kidole gumba.

Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu wa Isiolo wote wanakunywa kwenye mto mmoja na wanaugua homa moja. Kijana mmoja wetu akiingia maabara, anaingia kwa niaba ya wote.

Tuma barua yako wiki hii. Ukihitaji mtu wa kuisoma kabla hujaituma, tuandikie inbox, kuna walimu kati yetu watakusaidia bure. Na kama tayari uko ndani ya taasisi yoyote ya utafiti, andika hapo chini ulipitia njia gani, ili mwenzako apate pa kushika.