Kisu cha Korona Kisitiwe Ugumu kwa Kubahatisha

Ukitoka Voi kuelekea Taveta unapita Mwatate, penye shamba la mkonge ambalo ni miongoni mwa makubwa duniani. Kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, ngoma yenye visu butu vya chuma huponda jani na kulikwangua hadi zibaki singa, ambazo ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wake. Mengine ni ute na maji yenye asidi, na visu huliwa na asidi na msuguano kwa pamoja. Nikisema vipuri hivyo vipigiwe hesabu kwenye kompyuta kabla ya kutiwa motoni, napingwa kwa hoja zilezile.

“Chuma kikizidi ugumu, kinadumu zaidi.” Sivyo. Chukua kisu kilichochongwa kwa springi ya lori, yenye kaboni asilimia 0.6 hivi. Kipashe hadi nyuzijoto 840, kizimishe kwenye mafuta: kitakuwa kigumu, lakini jiwe dogo likiingia na majani kitakatika, na kipande kitamrukia anayelisha mashine. Lazima kirudishwe kwenye moto wa chini. Hata hapo si kila joto linafaa, kwani feleji nyingi zikirudishwa karibu na nyuzijoto 300 huvunjika upesi zaidi.

“Fundi anaona kwa rangi.” Anaona, na ujuzi huo nauheshimu. Anajua pia kwamba karibu na nyuzijoto 770 sumaku haishiki tena. Ila jua la Voi saa sita hufifisha wekundu wa chuma, naye huzidisha moto bila kujua. Tena jicho huishia kwenye ngozi. Unene ukiongezeka mara mbili, kiini huchukua kati ya mara mbili na mara nne ya muda kupoa. Kiini kikigeuka kuwa kigumu na kutanuka wakati ngozi imeshakuwa ngumu, ngozi hupasuka. Kompyuta hukigawa kipuri vipande vidogo, ikafuata joto la kila kimoja kila nukta. Kanuni ya Koistinen na Marburger ya mwaka 1959 huonyesha ni sehemu gani imeshageuka kuwa ngumu.

“Programu hizo ni za matajiri.” CalculiX na Code_Aster ni za bure.

“Tuyeyushe kwanza chuma cha mgodi wa Kishushe.” Hayo ni ya mgodi na tanuri. Springi zinazokatwa leo kwenye vibanda vya jua kali tayari ni feleji, nazo zinaharibiwa leo.

“Kompyuta hudanganya.” Hoja hii ina uzito. Mafuta machafu ya injini hayapozi sawa na mapya, na chuma chakavu hakina cheti. Kwa hiyo toboa kipande cha majaribio, kitie themokapo (kihisi cha joto) hadi kwenye kiini, kizamishe kwenye mafuta yaleyale ya fundi na uandike joto linavyoshuka. Kisha kikate, upime ugumu kutoka ngozi hadi ndani. Vipimo visipolingana na hesabu, hesabu ndiyo irekebishwe, kabla kisu chochote hakijafungwa kwenye ngoma.