Kiingereza ni cha nani? Ualimu wa ng'ambo na pasi zetu

Kila mwaka vyuo vyetu vinamwaga wahitimu mtaani, na wengi wao wanaanza kazi ile ile ya kutembeza bahasha. Siku hizi bahasha imehamia kwenye baruapepe, na maombi hayaendi Posta na Barabara ya Nyerere peke yake. Yanakwenda Seoul, Bangkok, Hanoi na Shanghai. Huko, tunaambiwa, kuna njaa ya walimu wa Kiingereza. Ukiwa na shahada na ulimi mwepesi unapewa mshahara, nyumba, na pengine tiketi ya ndege. Nani asiyetaka?

Baadhi ya wenzangu tuliomaliza pamoja wamejaribu. Mmoja ana shahada ya ualimu, somo lake ni hicho hicho Kiingereza, na amekwishafundisha sekondari. Kwenye matangazo alikutana na sharti moja linalojirudia kama kiitikio: wanatakiwa wazawa wa lugha tu. Mwajiri mmoja alimsifia sana kwenye usaili wa simu, kisha akamuuliza pasi yake ni ya nchi gani. Aliposikia Tanzania, akaaga kwa adabu. Mpaka leo hajapiga tena.

Mimi nasema hivi: huo si utafutaji wa walimu bora, ni utafutaji wa pasi. Ila tusikimbilie kulia, maana na sisi mikono yetu imo.

Tuanze na sheria. Korea Kusini inatoa viza ya kufundisha lugha iitwayo E-2. Kwa Kiingereza, viza hiyo ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kijana wa Lagos ambaye tangu utoto Kiingereza ndiyo lugha ya mezani kwao, hayumo. Mmarekani aliyesomea uhasibu na hajawahi kushika chaki, yumo. Hapo mtu akiniambia wanatafuta ubora, nitamwomba anieleze taratibu.

China nako, chini ya utaratibu wa vibali vya kazi ulioanza mwaka 2017, mwalimu wa lugha anatarajiwa kufundisha lugha ya kwao. Wapo Waafrika wanaoingia kwa viza ya masomo, wakaishia kufundisha chekechea chini kwa chini kwa malipo pungufu. Siku ya siku polisi wakigonga mlango, mwajiri hakujui. Sheria ya uhamiaji ya huko inataja faini kuanzia yuan 5,000 hadi 20,000 kwa anayefanya kazi bila kibali, na kosa likiwa kubwa, mahabusu siku 5 hadi 15. Kurudishwa nyumbani nako kupo. Halafu mwaka 2021 serikali yao ikabana biashara ya masomo ya ziada, nafasi zikapungua hata kwa hao wazawa.

Japani wana kipimo chenye nafuu kidogo. Kwa viza ya ualimu wa mashuleni, anayefundisha lugha ya kigeni anatakiwa awe amesoma kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Hawaulizi ulizaliwa wapi, wanauliza ulisomeshwa kwa lugha gani. Wafilipino wengi wamepita hapo. Sasa fanya hesabu na wewe. Aliyesoma Mtakatifu Kayumba alifundishwa kwa Kiswahili miaka 7. Weka sekondari miaka 6 na chuo miaka 3, anapata 9. Hafiki. Aliyesoma Inglishi Midiamu tangu darasa la kwanza ana 16. Kwa hiyo mlango wa Japani haukufungwa Tokyo. Ulifungwa hapa hapa, siku mzazi alipopiga hesabu ya ada akaona haiwezekani.

Na wazo hili kwamba mwalimu bora ni mzawa limetoka wapi? Sehemu ya jibu iko jirani. Mwaka 1961 ulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola pale Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwaka 1992 msomi Robert Phillipson aliandika kwamba ripoti ya mkutano ule ilibeba imani kadhaa zisizo na uthibitisho, na mojawapo ni hiyo ya mzawa. Mwalimu wa Hungary, Péter Medgyes, naye mwaka 1994 alitoa kitabu kizima kumtetea mwalimu asiye mzawa. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: aliyejifunza lugha ukubwani anajua panapouma. Mzawa atakwambia kosa lako, lakini kwa nini ni kosa, mara nyingi hajui. Mimi na wewe tunakumbuka aliyetufundisha Kiingereza kidato cha kwanza. Hakuwa Mwingereza.

Sasa tujitazame. Nenda shule za Inglishi Midiamu za Dar es Salaam uone wazazi wanavyoulizia kama kuna walimu kutoka Kenya au Uganda. Mtanzania mwenye shahada ile ile anatazamwa kwa wasiwasi kabla hajafungua mdomo. Tofauti yetu na yule mwajiri wa Seoul ni ipi?

Kuna baya zaidi. Wakenya wakipata kazi za kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani, tunapiga kelele kwamba wamechukua nafasi zetu, Kiswahili wenyewe hawakijui, sisi ndio wenyewe. Hoja hiyo ni ile ile inayotufungia mlango kwenye Kiingereza. Tena ina matobo. Msukuma wa Bariadi na Mhaya wa Muleba wamezaliwa na lugha nyingine, wakakutana na Kiswahili baadaye. Tuwanyime kazi kwa sababu si wa Unguja? Kama mwalimu apimwe kwa anachojua na anavyofundisha, basi kanuni hiyo itumike Seoul, itumike Mikocheni, na itumike kwa Mkenya aliyesomea Kiswahili akakiiva.

Kwa anayetaka kujaribu, milango ipo, tena ya halali. Thailand wapo Wafilipino na Wakameruni wengi madarasani. Asiye mzawa huombwa matokeo ya mtihani kama TOEIC au IELTS, na mara nyingi analipwa chini ya Mzungu, ujue hilo kabla hujapanda ndege. Cheti cha CELTA cha Cambridge, cha saa 120 na mazoezi ya kufundisha darasa halisi, kinampokea yeyote anayefaulu usaili wake, mzawa au si mzawa. Na kama wewe ni mwalimu wa hesabu au fizikia, tafuta shule zinazofundisha somo lako kwa Kiingereza. Ila usiondoke na viza ya utalii kwa ahadi ya kubadilishiwa huko, na usimpe dalali hela kabla hujaona mkataba.

Serikali nayo ina kazi. Mkataba wa kiuchumi wa India na Korea Kusini, ulioanza kutumika mwaka 2010, uliwafungulia Wahindi wenye sifa nafasi ya kuwa walimu wasaidizi wa Kiingereza katika shule za Korea. India haimo katika zile nchi saba. Ilikaa mezani ikaomba, ikapewa. Balozi zetu zipo Seoul, Beijing na Tokyo. Wakubwa wakienda kuzungumzia mikopo na reli, waweke na hili la walimu kwenye mkoba.

Kabla hawajaweka, wewe mzazi mtarajiwa na mwenye shule mtarajiwa, siku utakapoajiri mwalimu utamuuliza nini kwanza: anafundishaje, au katoka wapi?

Naomba kutoa hoja.