Huzuni ya Kijana Si Aibu ya Nyumba

Msomaji, mtoto akishikwa na homa usiku katika nyumba yoyote ya Mjambere, hapana mtu aonaye haya. Mama hujifunga leso, baba hutafuta nauli, na kabla jua halijapanda jirani amekwisha kubisha hodi kuuliza hali ya mgonjwa. Lakini mtoto yule yule akiugua moyo, akawa hali, halali, hacheki na wenziwe, na kitabu kikawa mzigo mbele ya macho yake, mlango hufungwa na ndimi hufungwa pamoja nao. Jirani akiuliza, hujibiwa kwamba mtoto amechoka tu. Maradhi ya mwili hutafutiwa daktari. Maradhi ya moyo hutafutiwa pazia. Tofauti hii haina haki wala akili, nami naipinga.

Sisemi kwamba kila huzuni ni maradhi. Ujana una mawimbi yake kama bahari. Kijana aliyeanguka mtihani, au aliyefiwa na mtu ampendaye, atalia, na kilio chake chaweza kuwa sehemu ya dawa yake. Nisemayo ni huzuni inayokaa wiki baada ya wiki bila ya kupungua. Inayomnyima kijana usingizi na hamu ya chakula, na kumwondolea raha ya mambo aliyoyapenda. Pengine huzuni hiyo haivai machozi, bali huvaa hasira, utoro na ukimya. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya akili ya namna fulani. Hesabu madawati ya darasa lako, kisha gawanya kwa 7. Huenda hesabu isiangukie sawa katika kila darasa, lakini yatosha kukuonyesha kwamba jambo hili si la nyumba moja iliyolaaniwa.

Wako wasemao kwamba dawa ya kijana kama huyo ni fimbo. Hushika methali ya wazee, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali ni ya kweli, ila wameiweka pasipo pake. Wazee walimkusudia mtoto aliaye kwa sababu amekatazwa jambo baya. Hawakumkusudia mtoto aliaye na asijue sababu ya kilio chake. Fimbo yaweza kumtisha mkaidi, lakini haijapata kumfurahisha mwenye majonzi. Humfundisha jambo moja tu: kuficha. Kenya iliiondoa fimbo shuleni kwa sheria mwaka 2001. Itakuwa hasara kubwa ikiwa kile kilichotolewa mlango wa shule kitaingia kwa mlango wa nyumba, tena kimpige mgonjwa.

Wengine huogopa aibu. Husema, watu watatuita jamaa ya wenda wazimu, na binti yetu hatapata mchumba. Aibu hii ina mizizi mirefu, na kwa miaka mingi sheria yenyewe iliinywesha maji. Kifungu cha 226 cha sheria za jinai za Kenya kilimhesabu mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, hata aliyestahili kitanda cha hospitali akatishwa kwa jela. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Ikiwa mahakama imekubali kwamba aliyefikwa na dhiki kubwa namna hiyo ahitaji matibabu kuliko adhabu, jirani wa Kisauni ana haki gani ya kuendelea kuhukumu barazani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapana aibu ya jirani ilingananayo na msiba wa mzazi aliyenyamaza.

Wako tena wasemao kwamba haya ni mambo ya kigeni, na kwamba mtu wa pwani atosheka na dua. Sipingi dua. Lakini mtoto akivunjika mguu huombewa dua, na mguu hufungwa gango vile vile. Hapana aliyesema kwamba gango ni upungufu wa imani. Na kwamba elimu hii ni ya kigeni, si kweli. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Alifundisha kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo, na alipambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake. Alisema hayo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Basi amtibiye kijana kwa elimu hafuati mgeni. Afuata njia ambayo sisi wenyewe tumeisahau.

Hoja moja naikubali: wajuzi ni wachache, na nauli ni ghali. Kutoka Mjambere hadi hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ambako maradhi ya akili hutibiwa, mtu huvuka daraja la Nyali, akapita kisiwani, kisha akatokea Makupa. Lakini uchache hauponywi kwa kukata tamaa. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda na wenziwe waliwafundisha mabibi wazee wa Harare kuketi katika benchi karibu na zahanati, wakawasikiliza wenye majonzi kwa utaratibu uliopimwa, na wengi walipata nafuu. Wazee tunao, na mabaraza tunayo. Tulichokosa ni mafunzo, na nia ya kuyadai kwa wenye madaraka.

Na wewe, kijana usomaye, usidhani kwamba maneno haya ni ya wazazi peke yao. Huenda huzuni hii unayo wewe, au anayo rafiki yako mnayekaa dawati moja. Rafiki akikuambia kwamba amechoka kuishi, usicheke, wala usiape kumfichia siri. Siri ya namna hiyo ni moto uliofunikwa kwa makuti. Mwendee mwalimu mwenye kazi ya ushauri, au mama, au mjomba, au mtu mzima yeyote unayemwamini. Wa kwanza asipokusikia, mwendee wa pili, na wa tatu. Namba 116 hupigwa bure kote Kenya kwa ajili ya watoto. Tena siku moja nawe utakuwa mzazi. Siku hiyo mtoto wako akinyamaza kupita kiasi, fungua mlango, ukaseme kwa sauti ile ile usemayo nayo habari ya homa: mtoto wangu ni mgonjwa, naye ahitaji tabibu.