Vigelegele Haviulizwi Maana, Mayowe Je?

Malenga wenzangu, nanyi nyote mnaoipenda lugha hii, naomba leo mnivumilie. Siji na shairi, naja na ugomvi. Ninagombana na sisi sote tunaojiita walinzi wa ushairi wa Kiswahili, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita tulikusanyika washairi wachache hapa Moshi, katika chumba kimoja kisicho mbali na mnara wa saa. Ilikuwa kama kawaida yetu: chai, maandazi, na kila mtu na karatasi yake. Alikuwepo kijana mmoja aliyeteremka kutoka mlimani kwa gari la alasiri. Alisoma utungo juu ya kihamba cha babu yake: mibuni iliyong'olewa, mfongo uliokauka, ndugu waliogawana ardhi hadi ikabaki upana wa kaburi. Beti mbili za mwanzo alizisoma kwa sauti ya kawaida, na vina vyake vilikuwa safi. Alipofika ubeti wa tatu, pale ndugu wanapopimiana mipaka, sauti yake ilishuka kifuani, ikakwaruza, ikawa ngurumo. Maneno yakasikika nusunusu. Hajaumaliza ubeti huo, mzee wetu mmoja akagonga meza na kuuliza kama huo ni ushairi au mtu amepandwa na pepo. Watu walicheka, nami nilicheka. Kijana akakunja karatasi yake, akakaa.

Baadaye nilimfuata barazani, nikamwuliza ile sauti aliitoa wapi. Akanitajia Duma.

Nilidhani anamsema mnyama. Akatabasamu, akanieleza kwamba Duma ni bendi ya Nairobi, na kwamba neno lenyewe wenye bendi wamelichukua katika Kikuyu, ambako maana yake ni giza. Sisi tunaona mbio za mnyama mwenye madoa, wao wanaona usiku. Tangu siku hiyo nimesikiliza waliyoyarekodi, mara ya kwanza kwa shingo upande, mara ya pili kwa udadisi, na sasa kwa heshima.

Kwa msiowajua: Duma iliundwa mwaka 2019 na vijana wawili, Martin Khanja, ajiitaye Lord Spike Heart, na Sam Karugu. Wote wawili walitoka katika bendi za muziki wa metali za Nairobi, mmoja Lust of a Dying Breed na mwingine Seeds of Datura. Karugu aliliacha gitaa la besi akashika gitaa la kawaida na mitambo; Khanja akabaki na koo lake. Mwaka huohuo wa 2019 walikwenda Kampala, wakarekodi katika studio ya Nyege Nyege, na Agosti 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ikatoa albamu iliyobeba jina la bendi, yenye nyimbo 9. Jina la lebo hiyo nalo ni somo la lugha. Wenyewe wanalifasiri kwa asili ya Kiganda kuwa hamu ya ghafla ya kucheza, lakini Mswahili halitamki mbele ya wakwe zake.

Ndani ya albamu hiyo ngoma hazipigwi na mikono. Ni mashine, na zinakwenda kasi ambayo moyo wa mwanadamu haungeihimili. Gitaa limechujwa hadi likafanana na msumeno unaokata bati. Juu yake inapanda sauti ya Khanja: inanguruma, inapasuka, inanyamaza, inarudi kama ukwenzi wa mtu aliyeangukiwa na nyumba.

Basi nianze na shtaka la kwanza la wazee wetu, kwamba haya ni makelele na makelele hayana maana.

Nawauliza: vigelegele vina maneno gani? Ni harusi ipi ya Kiswahili, kutoka Lamu hadi Kilwa, iliyofana bila vigelegele? Tangu lini mtu akasimama ukumbini kumwuliza mama wa bwana harusi afafanue alichokipigia vigelegele? Tunaielewa sauti ile kwa sababu tunaijua furaha inayoizaa. Ikiwa furaha imeruhusiwa kupita mipaka ya maneno, kwa nini dhiki ifungwe ndani ya mizani?

Na huku mlimani tunalijua yowe. Atakayelisikia yowe usiku, Kibosho au Uru au Machame, haketi kitandani akihesabu silabi. Atachukua panga na tochi, atoke. Sikio la kijiji hujua kubagua yowe la moto na yowe la mwizi, na yowe la msiba halifanani na hayo mawili. Sauti inayobagulika namna hiyo ina sarufi yake hata kama haijaandikiwa kitabu. Anayepiga yowe haulizwi vina. Anaulizwa, kuna nini?

Fungueni na kamusi zetu. Tuna yowe na ukelele, ukemi na ukwenzi, siahi na mguto. Tuna kunguruma, kuvuma, kurindima, kututuma. Mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa hupiga kite. Wahenga hawakuyatunga maneno haya kwa ajili ya pambo. Waliyasikia mambo hayo, wakayatofautisha. Lugha iliyolipa kila kilio jina lake haiwezi kusingiziwa kwamba haina nafasi kwa muziki wa kilio. Wasio na nafasi ni sisi.

Shtaka la pili: si yetu hii, ni ya Wazungu. Hapa nasema kwa upole, maana wengi wanaolitoa shtaka hili nawaheshimu. Ni kweli muziki wa metali ulianzia mbali. Tukiufuatilia hadi Black Sabbath, waliotoa albamu yao ya kwanza Februari 1970, tutafika Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha bati, akajitengenezea ncha bandia ili aendelee kupiga. Kwa hiyo chimbuko lake si jumba la mfalme. Ni sakafu ya kiwanda na mkono uliojeruhiwa. Mtu wa Moshi aliyefanya kazi kinuni au kwenye karakana hashindwi kuuelewa muziki huo.

Tena, chuma hakikuletwa mlimani na meli. Wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, walifua mikuki na majembe tangu enzi za Mamangi, na mlio wa nyundo na mivukuto yao ni wa zamani kuliko shule yoyote tuliyosomea arudhi. Nao washairi wanaolitaja neno "letu" kila sentensi wanasahau kwamba hata neno shairi tulilipokea kutoka ng'ambo, tukalifanya letu kwa kulitumia. Chetu ni kile tulichokifanyia kazi.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi. Lebo hiyohiyo ya Kampala ndiyo iliyotoa, mwaka 2017, mkusanyo wa singeli uitwao Sounds of Sisso, kutoka studio moja ya Dar es Salaam. Singeli nayo tuliiita kelele, muziki wa wahuni, mwendo wa wendawazimu. Leo hupigwa kwenye kampeni na sherehe rasmi, na waliokuwa wakiibeza wanaitaja kuwa fahari ya taifa. Sikilizeni kasi ya singeli, kisha sikilizeni mashine za Duma, mseme kama hamjaona undugu. Botswana wana bendi zao za metali, Wrust, Skinflint na Overthrust, na hakuna aliyewavua Ubotswana kwa ajili hiyo.

Shtaka la tatu ndilo zito: ni muziki wa giza, wa shetani. Wanataja jina la bendi. Wanataja wimbo uitwao "Pembe 666". Wapo wanaotaja wimbo mwingine, ambao jina lake la Kiingereza linamwambia mtu ajiue kabla hawajamuua. Jina hilo silitetei. Nimezika watu, na kuna maneno ambayo siwezi kuyabeba kwenda nayo nyumba ya msiba. Msanii akikosea tumwambie amekosea, kama tunavyomwambia mshairi ambaye kina chake kimechechemea.

Lakini giza lenyewe limekuwa dhambi tangu lini katika fasihi yetu? Al-Inkishafi, utungo ambao kila mmoja wetu huuapia, unatutembeza katika magofu ya Pate: vishubaka vilivyowekwa sahani za thamani vimekuwa viota vya ndege, na ndani ya kumbi za matajiri wadudu ndio wanaovuma. Kisha unatuonyesha kaburi na moto. Sayyid Abdallah hakuwasha taa ili asitutishe. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969, na mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Tazameni jina hilo. Halikuitwa maneno ya dhiki. Alijua kwamba dhiki ina sauti kabla haijawa na maneno.

Mtasema: Abdilatif alizishika arudhi barabara. Naam, alizishika, na sisemi tuzitupe. Mimi mwenyewe ni mtu wa vina. Kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi bado kiko mezani pangu na kurasa zake zimelegea. Ninachokataa ni kuigeuza rula kuwa rungu. Tulifanya hivyo mwaka 1974 Kezilahabi alipotoa Kichomi. Akaambiwa hajui kutunga, ameuza urithi, ameiga Wazungu, maneno yaleyale tunayoyatumia leo. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na Kichomi husomwa vyuoni. Albamu ya Duma ilitoka mwezi wa nane mwaka uleule. Walinzi wa lango tuko palepale, tumebadilisha tu mtu wa kumzuia.

Sasa niseme linaloniuma hasa. Majina ya nyimbo za Duma karibu yote ni ya Kiingereza. "Corners in Nihil", "Omni", "Lionsblood", "Sin Nature". Kiswahili kimechungulia mara moja, katika neno "pembe". Mlinzi wa lugha atasema: mnaona, wamekikimbia Kiswahili. Mimi nasema Kiswahili kiliwafungia mlango. Kijana akitaka kutaja hasira anayoisikia, anakuta tumempa lugha ya salamu, ya mawaidha na ya mapenzi ya jasmini, tena tunamkagua kama anastahili kuitumia. Kiingereza hakimkagui. Hata jina la muziki wenyewe hatujampa. Tukitafsiri neno kwa neno tunapata metali nzito, yaani zebaki na risasi, mambo ya maabara. Kwa nini tusiseme muziki wa chuma? Wahunzi wetu wangelielewa mara moja.

Lugha hupoteza watu kwa njia hii, mmoja mmoja, wala si kwa amri ya serikali. Mtu anachekwa chumbani, anakunja karatasi, anakwenda kuandika kwa lugha nyingine. Sisi tunaobaki tunaendelea kusahihishana vina na kulalamika kwamba vijana hawakipendi Kiswahili.

Yule kijana hajarudi kwenye mkutano wetu. Wiki mbili zilizopita nilimwomba anitumie ule utungo mzima. Akanitumia kipande alichojirekodi kwa simu, ndani ya banda la ng'ombe, ili mama yake asishtuke. Ni habari ileile ya kihamba, ila sasa maneno yote ni ya Kiingereza. Yamebaki mawili tu ambayo hakupata kuyatafsiri: kihamba, na mfongo. Anapofika pale ndugu wanapopimiana mipaka, ananguruma kama siku ile, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Nilisikiliza hadi mwisho. Sikucheka.

Mzee wetu uliyegonga meza, sikutaji, na najua utaisoma makala hii. Sikutaki uipende Duma. Nakuomba tu, safari nyingine, mtu akipiga yowe mbele yetu, tumwulize kwanza kuna nini, kisha ndipo tuhesabu mizani.

Nanyi mnajua desturi ya mlimani: aliyekosa huchuma jani la sale, akalipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa sale hapaswi kuikataa suluhu. Jumamosi hii nitapanda mlima nikiwa na jani langu mkononi. Nitamwomba kijana aje kuumalizia ubeti wa tatu, kwa Kiswahili, kwa sauti anayoitaka yeye. Atakayeona ni makelele, mlango wa chumba chetu hufunguka kwa nje pia.