Ufukwe Ujengwe, Afya Isiuzwe



Ndugu wasomaji, huenda baadhi yenu mtashangaa kuona leseni za baa zikizungumzwa katika ukurasa wa afya. Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, chanjo na lishe ya watoto. Lakini idadi ya baa katika mtaa, mahali zilipo na saa zinapofungwa ni mambo ya afya, kama yalivyo maji safi na choo.

Miji mingi iliyo kando ya maji inataka kufufua fukwe zake. Maghala ya zamani yamebaki matupu, viwanda vimefungwa, na fedha za kujenga upya ni chache. Njia mojawapo inayotumika ni kutoa leseni maalumu za vileo ili kuwavuta wenye mitaji wajenge migahawa na hoteli. Je, njia hiyo inafaa? Tuutazame mfano wa Michigan, jimbo la Marekani lililozungukwa na maziwa makubwa.

Walivyofanya Michigan

Sheria ya Michigan inaweka kikomo: leseni moja ya kuuza vileo vya kunywea papo hapo kwa kila wakazi 1,500. Kikomo kikishafikiwa, anayetaka leseni hana budi kuinunua kwa mtu aliye nayo, na bei yake huwa kubwa. Mwaka 2006 ilitungwa sheria namba 501, iliyoruhusu leseni za ziada, juu ya kikomo hicho, katika maeneo ya katikati ya miji yanayoendelezwa upya. Miji yenye ufukwe katikati yake iliweza kunufaika pia.

Leseni hizo hazikuwekwa kuwa za bure. Ada yake ilikuwa dola 20,000. Katika maeneo ya katikati ya mji, mwombaji alitakiwa kutumia dola zisizopungua 75,000 kukarabati jengo. Biashara ilipaswa kuwa ya chakula, burudani au michezo, iwe wazi kwa watu wote, na iwe na viti visivyopungua 25. Mwombaji alitakiwa pia kuonyesha kwamba alitafuta leseni ya kawaida akaikosa. Tena leseni haihamishiwi mahali pengine; biashara ikifungwa, inarudishwa serikalini.

Tunakiri kwamba kuna busara hapo. Leseni ya vileo ni mali ya umma, na anayepewa anapaswa kuulipa umma kwa kazi inayoonekana. Kuna busara pia kudai biashara pana kuliko kinywaji peke yake.

Lakini tuangalie kwa makini. Masharti hayo yanahesabu dola na viti. Ni kweli kwamba Michigan ina sheria nyingine za kulinda watu, kama ile inayokataza kuwauzia vileo walio chini ya miaka 21. Hata hivyo, swali la baa ngapi zinatosha kwa watu wa mji ndilo linalojibiwa na kikomo cha wakazi 1,500, na leseni maalumu ndiyo inayokiruka kikomo hicho. Yaani mji unapata majengo kwa kulegeza kinga iliyokuwapo.

Kwa nini kikomo ni kinga

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 vileo vilisababisha vifo milioni 2.6 duniani. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa kimataifa wa saratani wameviweka vileo katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani, zikiwemo saratani ya ini, ya koo na ya matiti. Huko Marekani kwenyewe, jopo la wataalamu wa afya ya jamii lilipendekeza mwaka 2007 kwamba idadi ya maduka na baa za vileo katika eneo moja idhibitiwe, kwa sababu zikisongamana ulevi na madhara yake huongezeka. Haya hayatokani na chuki dhidi ya wenye baa, bali na uchunguzi.

Kando ya maji hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kunywa vileo karibu na maji ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari hiyo. Mlevi akiteleza barabarani huenda akainuka na mchubuko. Akiteleza gatini usiku, huenda asiinuke.

Kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa liko jambo la ziada. Mvuvi hulipwa mwaloni. Baa zikipangwa mstari kati ya mwalo na nyumbani kwake, fedha ya unga, ya sare na ya dawa inapita mbele ya kaunta kabla ya kumfikia mama watoto. Ada ya leseni itaandikwa katika vitabu vya halmashauri, na wakubwa watafurahi. Gharama itaandikwa kwingine: katika daftari la wagonjwa la zahanati, na katika sufuria isiyoinjikwa jikoni.

Masharti tunayopendekeza

Kanisa halisemi kwamba divai ni dhambi; Bwana wetu mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana. Lakini Katekisimu, katika namba 2290, inafundisha fadhila ya kiasi, na inawaonya wanaohatarisha usalama wao na wa wenzao kwa ulevi, barabarani, majini au angani. Kwa hiyo hatusemi ufukwe usijengwe, wala vijana wasipate ajira ya upishi na uhudumu. Tunasema kwamba halmashauri yoyote itakayotaka kutumia leseni za vileo kuendeleza ufukwe iweke kwanza masharti haya:

1. Idadi ya leseni za ufukwe mzima ipangwe kabla ya kutoa ya kwanza, na wataalamu wa afya washirikishwe. Isiongezwe kila anapotokea tajiri mpya.

2. Leseni ipewe mgahawa wenye jiko linalofanya kazi, usio wa jina tu.

3. Baa ziwe mbali na shule, zahanati na mwalo, na saa za kufunga zifuatwe siku zote, hata sikukuu.

4. Gati na ngazi ziwe na taa na uzio. Nahodha na abiria waliolewa wasiruhusiwe kupanda chombo.

5. Anayewauzia watoto anyang'anywe leseni, na leseni hiyo isihamishiwe kwa jina la ndugu yake.

6. Sehemu ya ada ipelekwe kwenye huduma za afya, hasa kuwasaidia walionaswa na ulevi na familia zao.

7. Sehemu kubwa ya ufukwe ibaki wazi kwa asiyekunywa: mabenchi, vivuli, vyoo, maji ya kunywa na uwanja wa watoto. Ufukwe ambao familia haiwezi kuketi bila kununua bia haujaendelezwa kwa ajili ya familia.

Wapo watakaosema kwamba masharti mengi yatawafukuza wenye mitaji. Mfano wa Michigan unatufundisha kwamba leseni inaweza kudaiwa mambo mengi mazito. Ikiwa mtu anaweza kuombwa dola 75,000 za ukarabati, anaweza kuombwa pia taa ya gatini.

Ndugu wazazi, diwani ni wenu. Muulizeni ni leseni ngapi za vileo zilizopo katika kata yenu, na ni ngapi zinaombwa. Jumuiya Ndogo Ndogo na WAWATA walijadili jambo hili kabla majengo hayajaanza, kwa maana baa ikishafunguliwa ni vigumu kuifunga. Tusingoje kuwatembelea wagonjwa wodini ndipo tuanze kuuliza nani aliyetia saini.