Spea za Ndege ya 1945: Orijino Sio Lazima Iwe Poa

Ushawahi zunguka Grogan siku nzima ukisaka spea ya gari mzee? Sasa cheki hii: unasaka spea ya ndege ya vita ambayo viwanda viliacha kuiunda 1946.

Hiyo ndiyo kazi wasee wa Wichita, Marekani, walijipea na B-29 inaitwa Doc. Boeing iliiunda hapo hapo Wichita, ikatoka 1945. Baadaye jeshi likaiacha jangwa la Mojave, iwe shabaha ya mazoezi ya mabomu. Imekaa huko miaka 42. Iliporudi Wichita mwaka wa 2000, ilikuja vipande vipande.

Mafundi wa kujitolea, wengine wazee waliostaafu kazi ya ndege, wakaanza upya. Spea zikipatikana, zinafungwa. Zikikosa, zinachongwa.

Lakini kwa injini, hawakung'ang'ania orijino. Injini za B-29 wakati wa vita zilikuwa na sifa mbaya ya kuchemka na kushika moto angani. So Doc ikafungiwa R-3350 za kuchanganya, sehemu za modeli tofauti. Julai 2016 ikapaa. B-29 ingine inayopaa bado ni moja tu, FIFI, na pia hiyo injini zake ni za kuchanganya.

Ndege ya kuwekwa makumbusho, weka kila kitu orijino. Ya kubeba watu, usalama kwanza.

Kwa hivyo fundi akikuapia breki ni "ex-Japan orijino", usiishie hapo. Muulize: imechakaa kiasi gani?