NANI ANAWATUNZA WANAOTUNZA?



Katika miaka ya ukeketaji, kama ilivyokuwa 2020 na 2022, miezi ya Novemba na Desemba huwa na mabinti wengi wanaokimbilia nyumba salama, Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, lakini bado wanakimbia. Tumezoea kuwaombea mabinti hao, na ni vema. Leo napenda tumtazame pia yule anayewafungulia mlango.

Mlezi wa nyumba salama, muuguzi wa wodi na askari wa Dawati la Jinsia husikiliza habari ya binti wa kwanza, wa pili, wa ishirini. Wengine wao wamezaliwa huku huku na walikeketwa wenyewe. Bibi Rhobi Samwelly, mwanzilishi wa shirika lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, amesimulia hadharani jinsi alivyonusurika kufa kwa kutokwa damu. Kwa mlezi wa namna hiyo, kilio cha mtoto huamsha kidonda cha zamani.

Moyo hujeruhiwa hata kwa kusikia. Huo si uvivu, si imani haba, wala si kurogwa. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulitambua kwamba kusikia mara kwa mara undani wa mateso kazini kunaweza kumwuguza mtu. Dalili zake ni kuota yale aliyosimuliwa, kushtuka ovyo, kuwakaripia watoto nyumbani, kukwepa wodi, au kukosa huruma kabisa.

Wasimamizi tumezoea kusema, "Ni wito, vumilia." Mimi sikubaliani na neno hilo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayekagua dawa na daftari la zamu akague pia hali ya watu wake:

1. Azungumze na kila mmoja faraghani, kila wiki katika majira hayo, asingoje mtu alie. Asikilize bila kuhubiri, asidai undani wote, na asiyatumie maneno hayo kumpima mtu kazini.

2. Abadilishe kazi. Aliyepokea mabinti usiku, siku inayofuata apumzike au apewe kazi nyingine.

3. Usingizi ukizidi kukataa, ampeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Akitaja kutaka kufa, ampeleke siku hiyo hiyo.

4. Msimamizi naye awe na mtu wa kumsikiliza.

Mtasema watumishi ni wachache. Ni kweli. Ndiyo sababu hatuwezi kumpoteza hata mmoja kwa kukosa nusu saa ya kumsikiliza.

Nanyi familia, mama au dada akirudi kazini kimya, msimdai habari. Siri za mabinti si zake kuzitoa. Mchoteeni maji, mpikieni, mwacheni alale.

Nabii Eliya alipochoka na kuomba afe chini ya mretemu, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji mara mbili, ndipo akaanza safari yake. Nasi tuwatendee hivyo watumishi wetu kabla ya kuwapangia zamu nyingine.